Mrejesho: Tulibaki ndani wakati nyumba inajengwa upya, Goma

Ndugu zangu, niliwauliza kama familia yenye watoto wadogo inaweza kuendelea kuishi katika nyumba ambayo kuta zake za mbao zinabadilishwa kuwa za mawe, au ni afadhali kupanga kwingine. Wengi mlinishauri tubaki, mradi kazi ifanyike chumba kwa chumba, nasi tukafuata ushauri huo.

Kilichotusumbua zaidi ni vumbi. Kiwanja chetu kiko juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo yaliyomwagika mwaka 2002, na mafundi walipoyachonga kwa nyundo, unga wake pamoja na ule wa saruji ulipenya hata ndani ya masufuria yaliyofunikwa. Turubai ya mlangoni haikutosha mpaka tulipoibana chini kwa ubao na kuanza kunyunyiza maji kabla ya kufagia, kazi ambayo mama mkwe aliisimamia kila jioni. Ninamshukuru sana, kwani kikohozi cha mtoto wetu wa mwisho kilipungua.

Jiko la makala (mkaa) tulilihamishia uani.

Jambo ambalo hamkulitaja ni maji. Saruji mpya inapaswa kumwagiliwa kwa angalau siku 7 ili isipasuke, kwa hiyo tulinunua bidoni (madumu) za maji nyingi kuliko kawaida, na kwa maoni yangu gharama hiyo ipangwe mapema kama ile ya mabati.

Imebaki rangi tu. Siku za kupaka, watoto watalala kwa shangazi yao mpaka harufu iishe.