Tupeane uzoefu: nani alikurithisha timu, na wewe umemrithisha nani?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, mliobaki mjini na mliotawanyika,

Katika mji wetu mtoto alikuwa anapewa timu karibu pamoja na jina. Kabla hajajua kusoma alikuwa amekwisha kujua kama nyumba yao ni ya Mazembe, weusi na weupe, au ya Lupopo, njano na buluu. Leo nyumbani kwangu wanaishi vizazi vitatu: baba yangu, ambaye bado anaita timu yake Englebert, jina la zamani la Mazembe, na anahesabu miaka ya ujana wake kwa fainali nne mfululizo za Afrika, kuanzia 1967 hadi 1970, mimi, niliyeshuhudia mataji ya Afrika ya 2009 na 2010, na mwanangu, anayejua kikosi cha Real Madrid kuliko anavyojua majina ya wajomba zake. Ninampenda mwanangu, na jambo hili linaniuma. Ndiyo sababu nimefungua mjadala huu.

Naomba tukumbuke kwanza timu hizi zilitoka wapi. Zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Mazembe ilianzishwa na wamisionari Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao, kisha ikachukua jina la Englebert, chapa ya matairi iliyoifadhili, na katika miaka ya 1960 ikaongezewa sifa ya Tout Puissant kutokana na ushindi wake. Lupopo ilipewa jina la Mtakatifu Eligius, Saint-Éloi kwa Kifaransa, msimamizi wa mafundi wa chuma, na hadi leo wapenzi wake wanaitwa Cheminots, watu wa reli. Kwa hiyo mtu alipata timu yake kutokana na mahali alipofanya kazi baba yake, shule aliyosomea na mtaa aliokulia. Kwa maoni yangu damu haikuhusika sana. Kilichohusika ni nani aliyekushika mkono akakupeleka uwanjani, na alikuwa anatoka kazini wapi.

Elezeni visa vyenu kwa utulivu. Nataka kujua nani alikupa timu, kwa njia gani, na nini kilitokea ulipojaribu kuipitisha kwa watoto wako.

Mstaafu wa reli anaandika:

Baba yangu alikuwa fundi katika karakana za reli tangu wakati kampuni ikiitwa BCK, nami niliingia kazi hiyo hiyo ilipokuwa SNCZ. Sikuwahi kuambiwa kwamba mimi ni wa Lupopo. Nilikuta tu kwamba kila mtu mzima niliyemheshimu, kuanzia dereva wa treni hadi mlinzi wa lango la karakana, alikuwa wa Lupopo, na kwamba Jumatatu asubuhi kazi ilianza kwa kuzungumzia mchezo wa jana kabla ya kugusa chombo chochote. Yule ambaye hakwenda uwanjani alisimuliwa na wenzake mchezo mzima, bao kwa bao, hata akaweza kuwasimulia wengine jioni kana kwamba alikuwapo.

Lupopo imekuwa bingwa wa nchi mwaka 1958, 1968, 1981, 1986, 1990 na 2002. Katika hiyo yote naithamini zaidi 1968. Taji la Afrika la mwaka ule liliandikwa kwa jina la Englebert, lakini bingwa wa Kongo alikuwa Lupopo. Baba alinieleza jambo hilo mara nyingi sana, na mimi nimewaeleza wanangu mara nyingi vilevile, kwa sababu ndani yake mna heshima yetu yote: wakubwa wa bara zima walikuwa jirani zetu, na nyumbani tuliwatangulia.

Sasa nifike kwenye swali lako. Kifungua mimba wangu ni wa Lupopo kama mimi. Kitinda mimba alikuwa mdogo sana tulipochukua taji la 2002, hakumbuki chochote, na alipoanza kuufahamu mpira alichokiona ni Mazembe ikiwafunga Espérance ya Tunis mabao 5 kwa 0 hapa Lubumbashi katika fainali ya 2010, na golikipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio juu ya majani, huku watoto wote wa mtaa wakimwiga katika vumbi. Akaenda upande huo. Sikumkaripia. Mtoto anayerithi timu ambayo haishindi mara kwa mara hurithi pia kazi ya kujieleza kila siku mbele ya wenzake, na si kila mtoto ana moyo wa kuibeba kazi hiyo.

Lakini nataka niseme jambo moja ambalo sijaona watu wakilisema. Treni zilipopungua, na vijana wetu wakaanza kutafuta riziki kwenye migodi, biashara na teksi za pikipiki, karakana iliacha kuwa mahali pa kumpata shabiki mpya wa Lupopo. Hakuna tena Jumatatu ile. Mjukuu wangu nilimpeleka mwenyewe katika uwanja wa Kibassa Maliba, nikamkalisha katikati ya wazee niliofanya nao kazi, nao wakamwambia babu yake mkuu alikuwa nani na alitengeneza nini. Akarudi nyumbani na maswali mengi zaidi kuhusu injini za treni kuliko kuhusu mabao. Sasa anavaa njano na buluu. Nina hakika hakuvutwa na mchezo wa siku ile, kwa sababu ulikuwa mbaya.

Mama wa Katuba anaandika:

Wengi hapa wanasema «baba alinipeleka uwanjani». Mimi baba hakunipeleka. Aliwapeleka kaka zangu, nami nikabaki nyumbani na mama tukisonga bukari, ugali wetu, huku redio ikiwa imewekwa dirishani. Timu niliipokea kwa masikio. Nilimjua kila mchezaji wa Mazembe kwa namna mtangazaji alivyolitamka jina lake, na kaka zangu waliporudi nilikuwa na uwezo wa kuwasahihisha kuhusu nani alipiga pasi ya bao la pili, jambo ambalo liliwaudhi na kumfurahisha baba.

Baba alipofariki, kaka zangu waliacha kwenda uwanjani mmoja baada ya mwingine. Mimi ndiye niliyebaki na timu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kutamka kwamba binti amerithi Mazembe, lakini siku za mchezo mkubwa shangazi na wajomba hukusanyika katika lupangu langu, yaani ua wa nyumba yangu, na ni mimi ninayeulizwa kikosi.

Mwaka 2024 Mazembe ya wanawake ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake nchini Morocco, kwa kuwafunga AS FAR bao 1 kwa 0, katika nchi ya wapinzani wao wenyewe. Binti yangu anacheza mpira shuleni. Tulitazama fainali ile pamoja, na aliniuliza kama nkambo wake, yaani babu yake, angekubali kumpeleka uwanjani. Nilimjibu kweli: sijui, lakini angemsikiliza akieleza mchezo, kwa sababu mimi alinisikiliza. Kaka yangu mkubwa, ambaye hajafuatilia timu kwa miaka mingi, alinipigia simu usiku ule kutupongeza sisi wawili kana kwamba tulikuwa tumecheza.

Kijana wa Kampemba anaandika:

Natoa heshima kwa wazee walioandika, na naomba nisikilizwe nami. Tunaambiwa kwamba sisi tunaofuata timu za Ulaya kwenye simu hatuna asili. Lakini wazazi wetu nao walipenda timu iliyobeba jina la kiwanda cha matairi cha Wabelgiji, na hakuna aliyewaambia kwamba mapenzi yao ni ya kuazima. Kwa kuipenda waliifanya kuwa yao. Mimi naifuata Arsenal pamoja na marafiki zangu wa mtaani, watu wale wale, kila wiki, mahali pale pale, tukichanga fedha za kingamuzi. Tumezika wafu wetu pamoja na kuchangiana harusi kwa ajili ya kundi hilo. Sioni tofauti yake na ile Jumatatu ya karakana.

Sikuiacha Mazembe. Nikiwa Dar es Salaam kwa biashara, nilipotaja ninakotoka watu walinikaribisha kwa sababu ya Mbwana Samatta, ambaye alitoka Simba akaja kwetu mwaka 2011 na akawa bingwa wa Afrika nasi mwaka 2015. Siku ile nilijivunia kuliko siku yoyote niliyowahi kukaa mbele ya televisheni. Lakini timu ninayoiishi kila Jumamosi ni ile nyingine, na sipendi kuambiwa nichague.

Mwenzetu aliyeko Mbuji-Mayi anaandika:

Nimesoma yote tangu juu na nimesita kabla ya kuandika.

Baba yangu alizaliwa Lubumbashi kwa wazazi waliotoka mkoa wa Kasai kuja kutafuta kazi ya migodi. Alikuwa mtu wa Mazembe kamili. Alikuwa na heshima ya pekee kwa Pierre Kalala, aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ghana kule Addis Ababa mwaka 1968, na kwa Tshimen Bwanga, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Alisimulia habari zao kwa sauti ile ile aliyotumia kusimulia habari za wazee wa ukoo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wa Lubumbashi. Tuliondoka kwa treni tukiwa na vitu vichache, mimi nikiwa mtoto, na tulifika katika nchi ambayo tuliambiwa ni ya kwetu ingawa baba hakuwahi kuishi hapo. Hapa Mbuji-Mayi, mji wa Kasai, binamu zangu wote walikuwa wa Sanga Balende, timu ya hapa. Nami nikawa wa Sanga Balende haraka sana, kwa sababu mtoto aliyefika kwa treni anatafuta mlango wa kuingilia, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa ule.

Baba alibaki na Mazembe. Majirani walimuuliza, wengine kwa hasira, inawezekanaje mtu aipende timu ya mji uliomfukuza. Alijibu kwamba waliomfukuza anawajua, na hawakuwa kumi na mmoja wale. Sikumwelewa kwa miaka mingi. Mazembe ilipokuja kucheza katika uwanja wa Kashala Bonzola, tulitoka nyumbani pamoja, tukaagana langoni, akaenda kukaa na wachache waliokuwa upande wa wageni.

Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, alilia mbele yetu sote. Siku chache baadaye ikafungwa 3 kwa 0 na Inter Milan, naye hakuhuzunika hata kidogo. Alitaja mitaa ya Lubumbashi usiku kucha, Kamalondo, Kenya, Ruashi, na nyumba za nani zilikuwa wapi. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa kuishangilia timu ile alikuwa na ruhusa ya kuutaja mji wake bila mtu kumuuliza kwa nini bado anautaja.

Mimi ni wa Sanga Balende hadi leo na sitabadilika. Lakini mwanangu wa kwanza nimemwachia fulana ya babu yake, nikamweleza kisa chote, pamoja na sehemu ya treni. Achague mwenyewe akikua.

Aliyefungua mjadala anajibu:

Ndugu wa Mbuji-Mayi, asante. Nimemsomea baba yangu ulichoandika, akaniomba nirudie sehemu ya Kalala.

Niliandika kwamba timu ilirithiwa kwa mahali. Kisa chako kinaonyesha kwamba mtu akinyang'anywa mahali, timu inaweza kushika nafasi yake, na hilo sikulifikiria nilipoanza. Kijana wa Kampemba naye ana hoja ambayo siwezi kuipangua: Englebert ilikuwa jina la wageni, na watu wetu waliligeuza kuwa lao. Tofauti yangu naye ni moja tu. Arsenal haitajua kamwe kwamba kundi lenu lipo. Mazembe ikicheza vibaya pale Kamalondo, katika uwanja uliofunguliwa mwaka 2011, wachezaji wanakutana na sisi njiani wakirudi nyumbani, na wanasikia. Mtoto anayekua akijua kwamba sauti yake inafika uwanjani anajifunza jambo kuhusu mji wake ambalo simu haiwezi kumfundisha. Nimeamua kwamba mwanangu nitaendelea kumwacha na Madrid yake, ila mechi za dabi tutakwenda wote watatu, na baba yangu ndiye atakayekaa karibu naye, si mimi. Mstaafu wa reli amenishawishi: wazee wasimulie, wazazi walipe tiketi.

Mke wa nyumba yenye timu mbili anaandika:

Mimi ni wa Lupopo, mume wangu ni wa Mazembe. Wakati wa posa wazee wa pande zote mbili walilizungumza jambo hilo kwa uzito kabisa, na tulikubaliana kwamba watoto hawatavalishwa fulana ya timu yoyote hadi waombe wenyewe. Wa kwanza aliomba ya Lupopo, wa pili ya Mazembe, wa tatu bado hajaomba. Siku ya dabi tunakula mapema, kisha kila mmoja anakwenda na watu wake, na usiku hatuzungumzii matokeo hadi kesho yake. Utaratibu huu umetusaidia na ninaupendekeza.

Aliyefungua mjadala:

Asante, mama. Naona hadi sasa wamejibu watu wa Lubumbashi na mmoja wa Mbuji-Mayi. Watu wa Likasi, Kolwezi na Kipushi hamjaandika, na ninyi mlikuwa na timu za migodi yenu kabla wengi hawajahamia Mazembe. Ningependa kujua ni nani katika nyumba zenu aliyekuwa wa mwisho kuzishangilia, na kama kuna mtoto yeyote aliyeuliza habari zake.