Barua yenye stempu pungufu: nisubiri au nitume nyingine?

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Lubumbashi.

Wiki mbili zilizopita nilimtumia mjomba wangu aliyeko Liège, Ubelgiji, nakala za hati za kiwanja cha familia, nikabandika stempu za barua ya gramu 20 baada ya kukadiria uzito kwa mkono tu. Juzi nilipima nakala zilizobaki, zenye kurasa zile zile, kwenye mizani ya jirani yangu sonara, nikakuta gramu 34.

Ninafahamu kwamba, kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, barua iliyolipiwa pungufu hugongwa herufi T, yaani «taxe» kwa Kifaransa, na kwamba posta yaweza kumrudishia mtumaji aongeze kilichopungua, au kuipeleka na kumdai mpokeaji. Shida ni kwamba nyuma ya bahasha sikuandika anwani yangu (uzembe wangu, nakiri), kwa hiyo sioni itanirudiaje. Na mjomba, nimjuavyo, akidaiwa pesa kwa barua asiyoitarajia, ataikataa.

Naomba ushauri wenu: nimpigie simu sasa ili aipokee na kulipa, nami nimrudishie fedha zake, au nitume nakala nyingine kwa rejesta? Aliyewahi kudaiwa malipo ya namna hii Ubelgiji anieleze ilikuwaje.