Rimu za alumini zilizochomelewa: zipigwe marufuku kwenye gari za abiria?

Kijana wa Shangani: Wakuu, juzi Hiace tuliyopanda kutoka Masasi imepasuka rimu ya mbele tukiwa tumeipita Ndanda kidogo. Dereva anasema "imechomelewa wiki iliyopita tu", kana kwamba hiyo ni sifa. Kwangu, rimu ya alumini ikishapata ufa isirudi kubeba watu. Mnasemaje?

Fundi Agoni: Kwa hiyo mafundi ndio tunaua watu? Nina mwaka wa 14 kwenye kazi hii, weldi yangu haijawahi kuachia. Acheni kutuharibia riziki.

Mikindani Juu: Weldi haiachii, fundi, nakubali. Panapoachia ni pembeni yake. Alumini ya rimu imekomazwa kwa joto kiwandani, wewe unakuja na joto lako unailainisha. Halafu piga hesabu: tairi likizunguka mara moja gari imekwenda kama mita 2. Mtwara–Masasi, tuseme kilometa 200, ni mizunguko 100,000 kwenda tu. Kila mzunguko uzito unaikunja, kwenye kona inasukumwa ubavuni, ukikanyaga breki inasokotwa. Ufa unakula vyote.

Mama Ndanda: Si ndiyo kama ile ndege ya Hawaii? Miaka ya sabini, paa liling'oka ikiwa angani.

Mikindani Juu: 1988, mama. Boeing 737 ya shirika la Aloha, bodi ya alumini, imesharuka karibu mara 90,000. Nyufa zilianzia kwenye matundu ya ribiti, na hewa ya chumvi ikasaidia kutafuna. Mhudumu mmoja alifariki. Chuma ukikipa mzigo mdogo wa kutosha kinavumilia karibu milele. Alumini haina kiwango cha namna hiyo, ukirudia sana itachoka tu.

Mama Ndanda: Haya mjomba, ila Hiace hairuki.

Fundi Agoni: Ikipita mashimo yetu inaruka.

Ufuta Mweusi: Tatizo ni hela za korosho. Mnada ukilipa tu, mtu wa Mtwara anang'oa rimu za chuma nzima anaweka za kung'aa. Za mtumba, zimeshachoka huko zilikotoka!

Korosho Ghafi: Wewe wa Lindi hujawahi kuona gari mpaka ije kubeba ufuta wenu. Tuache.

Ufuta Mweusi: Gari tumeziona kabla hujazaliwa. Makao makuu ya jimbo lote la kusini, na nyie ndani yake, yalikuwa Lindi, muulize babu yako.

Korosho Ghafi: Na yalipohamia Mtwara mkabaki mnatuangalia bandari.

Mama Ndanda: Nyie watoto! Mtu kaulizia rimu.

Fundi Agoni: Hiyo rimu iko wapi, kijana? Niletee. Nikiona mkono nitakwambia nani kachomelea.

Kijana wa Shangani: Sina cha kuleta, fundi. Jana nimeiona gari ileile stendi inapakia wa Newala. Rimu ni hiyohiyo, ina mshono wa pili.

Korosho Ghafi: Basi hiyo ni kazi ya Lindi.