Shemeji ananikalisha kila Jumamosi kwenye mawe ya Luchelele. Nakosea wapi?

Mpara_Magamba (Jumapili usiku)

Mwangaluka wakuu. Mimi ni fundi friji, naishi Nyegezi, hapa Mwanza. Navua kwa kujifurahisha tu, riziki yangu iko kwenye gesi na kompresa. Tatizo langu ni shemeji, kaka yake mke wangu.

Kila Jumamosi alfajiri tunashuka Luchelele, ukingoni mwa Ziwa Victoria, tunapanda jiwe lilelile, tunakaa hatua tano mmoja kutoka kwa mwenzake. Makubaliano yetu ni kwamba anayeshindwa anapara samaki wote wa siku hiyo na soda juu yake. Jumamosi saba zimepita. Nimepara zote saba. Mke wangu siku hizi ananipokea mlangoni na kisu mkononi, hata sijafungua mdomo.

Kinachoniuma ni vifaa. Mimi nina rodi niliyoagiza Dar, ina rili yake na mshipi mpya. Yeye mshipi wake ameuzungushia chupa tupu ya maji, badala ya risasi amefunga nati ya baiskeli, na boya ni kipande cha kandambili. Ndoano tumegawana pakiti moja. Minyoo tunachimba shimo moja, nyuma ya banda la kuku la mke wangu, na ugomvi wake tunaujua: eti tunamtisha kuku, na pumba nazo haziishi kugombaniwa, gunia la wiki mbili sasa halimalizi wiki. Sasa kama chambo ni kimoja na ndoano ni moja, mbona boya lake linazama hata chai haijapoa, mimi nimekaa kama mnandi anayeanika mabawa?

Jana yeye sato sita. Mimi sato mmoja na furu watatu, wale visamaki vidogo. Akasema furu hawahesabiki. Wiki ya nyuma yake alikuwa na furu wanne, na walihesabika! Nilimwomba tubadilishane nafasi, akanijibu, "Shemeji, jiwe hili nalijua kwa makalio."

Je, ni kina? Ni namna ya kufunga chambo? Jamaa wa kazini anasema shemeji ana dawa.

Nyangumi_wa_Igombe

Dawa hakuna mkuu. Rodi yako ndiyo inakuponza. Kwa kuwa inarusha mbali, unarusha mbali. Sato asubuhi yuko pembeni, anachokonoa mwani kwenye mawe, na ile chupa ya shemeji hairushi hata mita kumi, kwa hiyo chambo chake kinaangukia mezani pa sato mwenyewe. Wewe uko huko nje unasubiri nini? Punguza. Sogeza boya mpaka ndoano ielee kama shibiri mbili juu ya mawe.

Halafu angalia ndoano. Sato ana mdomo mdogo. Kama hiyo pakiti ni ya saizi ya sangara, wote wawili mnalisha samaki bure. Na mnyoo usimwache mkia unaning'inia, sato anakata mkia anaondoka zake. Ukiona boya linatikisika bila kuzama, ujue unafanyiwa hivyo.

Binti_Mwaloni

Mnavua mkiwa juu ya jiwe au mmeingiza miguu majini? Maana wanaume wa starehe nawajua. Kichocho cha ziwa hili hakichagui fundi wala mvuvi. Na hao sato, chini ya sm 25 rudisheni ziwani, ndiyo sheria.

Ila mtu aliyepara Jumamosi saba mfululizo mkono wake umeshakuwa mwepesi. Hapa soko la samaki Kirumba nahitaji mparaji.

Mstaafu_wa_Bwawa

Umenikumbusha mbali. Miaka ya nyuma nilikaa Marekani, jimbo la Arkansas, kuna mto unaitwa Little Red. Juu yake kuna bwawa la Greers Ferry, lile ambalo rais Kennedy alikwenda kulizindua Oktoba 1963. Mto ule kwa asili ni wa maji ya vuguvugu, lakini bwawa linafungulia maji kutoka chini kabisa, kwenye kina, kwa hiyo yanatoka ya baridi mwaka mzima. Samaki wa zamani wakashindwa, wakapandikizwa trauti, samaki asiyeweza kuishi bila baridi. Msimtafute hapa Mwanza, maji yetu yangemchemsha.

Pale chini ya bwawa wazee walikuwa na ushindani kama wenu. Mitambo ya umeme ikianza kuzunguka, king'ora kinalia na mto unapanda. Utaona watu wazima wenye mabuti ya mpira mpaka kifuani wanakimbilia ukingoni, huku wakizomeana nani kaacha samaki kwenye ndoano.

Kuhusu vifaa, shemeji yako yuko sahihi. Mwaka 1992 kwenye mto huohuo alivuliwa trauti wa kahawia wa kilo 18 na zaidi, akashika rekodi ya dunia kwa miaka mingi. Mshipi uliomtoa umepimwa kubeba uzito usiofika kilo 2. Mkono ndio ulivua.

Na huo ugomvi wa furu ni rahisi kuumaliza. Wale wazee hawakuhesabu idadi. Kila mtu alipima samaki wake mmoja aliye mrefu kuliko wote, basi. Chora sentimita kwenye fimbo, mwende nayo.

Mzee_Ngege

Nimesoma mara mbili. Nina swali moja tu kwa mwenye mada: pumba za mkeo zinakwenda wapi?

Mpara_Magamba

Mzee, sijaelewa. Kuku wanakula.

Mzee_Ngege

Kuku gani wa kumaliza gunia kwa wiki? Chukua pumba, changanya na udongo wa mfinyanzi kidogo, finyanga matonge, tupa jioni mahali pamoja. Tonge linazama, linamomonyoka polepole usiku kucha. Alfajiri sato wamejaa hapo kama watoto kwenye shughuli. Tulifanya hivyo kwa ngege, jamaa wa sato aliyekuwa wa asili hapa, kabla sato hajawa mwenye ziwa. Nafasi yake hataki kukupa kwa sababu ndipo chakula kilipo.

Mpara_Magamba

Jamani. Kila Ijumaa jioni shemeji anapita kusalimia. Anakunywa chai, anaongea na dada yake, anaondoka na ndoo ndogo ya rangi. "Ya minyoo," anasema. Minyoo tunachimba Jumamosi!

Mke wangu nimemuuliza sasa hivi. Amecheka mpaka amekaa chini. Alikuwa anajua.

Mzee, wabeja sana. Ijumaa naenda mimi, na matonge yangu.

Mpara_Magamba (Jumamosi mchana)

Naleta matokeo. Jana saa kumi na moja jioni nilitupa matonge manane upande wangu. Leo nikafuata ya Nyangumi: ndoano ndogo, boya karibu, rodi nimeirusha kama naitupa chooni. Mpaka saa mbili asubuhi nilikuwa na sato watano, shemeji watatu. Alikuwa anatazama maji yangu, anatazama ndoo yangu, hasemi kitu.

Sasa, kabla hatujaanza, mimi mwenyewe kwa kimbelembele changu nilikuwa nimetoa fimbo yenye sentimita, nikatangaza sheria mpya ya Arkansas: anahesabiwa mrefu mmoja tu. Akakubali haraka.

Wangu mrefu sm 29. Wake sm 31.

Naandika haya magamba yakiwa kwenye nyusi.

Binti_Mwaloni

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Kisu njoo nacho.