Mjadala: Anayerudi Burundi akute ukweli kwanza, au shamba kwanza?

Mzee wa Kakonko
Wadau, hoja iko mezani. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi 1972 walivuka kuja huku Tanzania mikono mitupu, na mashamba yao ya uwanda wa Imbo, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, hayakubaki pori. Mengine serikali iliyagawa, mengine jirani aliyamega kidogo kidogo. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, wa amani ya Burundi, ulitaka yote mawili: mali zirudi, ukweli usemwe. Tume ya ardhi ikaanza 2006, sheria ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ikaja 2014. Mimi nasema mpangilio ulikuwa sawa. Kumwita mtu aeleze baba yake aliuawaje, huku mwingine anaangua michikichi ya huyo baba, ni kumkaribisha msibani wakati mkeka wake umeukalia wewe.

Bint Heru
Shikamoo Mzee. Shamba litangulie, sawa, lakini kwa nani? Juu ya shamba moja unaweza kukuta watu watatu tofauti: aliyepora akijua, aliyepewa na serikali kwa karatasi yenye muhuri, na aliyenunua kwa huyo wa pili kwa fedha halali. Sheria ya ardhi ya kule ilimlinda aliyekalia ardhi miaka 30, au 15 akiwa na nia njema. Toka 1972 mpaka 2006 ni miaka 34. Kwa sheria mkimbizi ameshapoteza. Kwa haki hajapoteza, maana hakuondoka kwa kupenda.

Tume ya ardhi ilianza kwa kugawa nusu kwa nusu. Shamba la familia kule ni kama nusu hekta tu. Ukilikata kati, hakuna kaya inayoshiba. Kuanzia 2011, chini ya uongozi mpya, ikageuza kibao: chote kwa anayerudi, hata migao iliyokwisha kukubaliwa ikafumuliwa. 2013 familia moja ilipotolewa nyumbani mtaa wa Ngagara, Bujumbura, wakazi waliingia barabarani. Kesi ya mali ilikuwa imeshaanza kusomwa kama kisasi cha Mhutu kwa Mtutsi.

Mwanga Sokoni
Basi ndiyo sababu ukweli utangulie, ujue nani kati ya hao watatu ni mwizi. Rwanda walijaribu. Gacaca, mahakama za wanakijiji za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, zilienea nchi nzima 2005, zikafungwa Juni 2012 baada ya kesi zaidi ya milioni 1.9. Ungamo lilikuwa na masharti: kitendo, mahali, siku, mashahidi, waliouawa, miili ilitupwa wapi, washirika wote, na kuomba radhi. Likikamilika unapunguziwa kifungo, na sehemu yake inageuzwa kazi za umma.

Sitaficha palipooza. Ni kwenye kipengele cha washirika: mtu anaongeza majina ili ungamo lionekane limekamilika, au anamtaja yule wanayegombania mpaka. Na kesi za mali hazikuwa na kifungo, ni kulipa tu. Aliyehukumiwa hana ng'ombe wala senti, hukumu inabaki daftarini.

Mzee wa Kakonko
Umenijengea hoja mwenyewe! Na makosa ya askari wa RPF, walioshinda vita na kutwaa Rwanda 1994, hayakupelekwa gacaca. Ukweli wa upande mmoja unaitwa maridhiano na nani?

Fundi wa Buhigwe
Tusiiruke mifupa. 2020 Tume ya Ukweli ya Burundi ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu. Waliotambuliwa walijulikana kwa nguo, miwani, rozari. Sasa ukifukua kwa pupa, mafuvu huku na mifupa mirefu kule, idadi umepata lakini mtu umempoteza. Rozari haijulikani tena ilikuwa ya nani. Kazi ile hushuka tabaka kwa tabaka: picha kabla ya kuinua, namba kwa kila mwili, na alichovaa kifungwe naye.

Halafu anayechagua shimo lipi lianze ana nguvu kuliko mwenye jembe. Desemba 2021 Tume ikatangaza kwamba 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Sipingi. Ila Watutsi waliouawa baada ya Rais Ndadaye kuuawa 21 Oktoba 1993 waliona zamu yao imewekwa nyuma, na mtu wa namna hiyo haji tena kikaoni.

Bint Heru
Mimi naona "kipi kwanza" inatupoteza. Mpaka wa shamba utembewe kabla watu hawajaketi. Chukua bashingantahe, wazee waamuzi wa kule, wanne, mmoja asiwe na ukoo pale, muanzie kwenye mnyaa wa mpakani. Mnyaa wa zamani una shina nene, gumu, lenye makovu. Uliopandwa juzi ni wa kijani, unene wa kidole. Mkifika palipo pengo, kuna atakayesema nani aling'oa na mwaka gani. Ukweli umetoka hapo hapo, shambani. Iandikwe siku hiyo hiyo, nakala tatu: anayerudi, aliyekuwepo, na kiongozi wa kilima (kilima kule ni kama kijiji kwetu). Aliyenunua kwa nia njema adai kwa serikali iliyogonga muhuri, asimdai mkimbizi.

Mwanga Sokoni
Serikali italipa kwa fungu lipi, dada?

Mzee wa Kakonko
Marahaba binti, nilichelewa kuitikia. La fedha tulijadili kesho, lina urefu wake. Ila nakala ni nne, siyo tatu. Ya nne itunzwe upande huu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kigoma mjini. Wakimbizi wa Burundi waliotua Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, 2015, wengine walikuwa wamesharudi kwao mara moja, na karatasi zilizobaki kilimani ziko mikononi mwa yule yule waliyemkimbia.