Tupeane uzoefu: gari ya zamani inayokula betri usiku ikiwa imezimwa

Wakuu, nina Corolla 110, ikilala siku mbili asubuhi ni tik tik tik tu. Betri mpya, alternata inachaji volti 14.2, sasa moto wa betri unaenda wapi? Aliyewahi kumshika mwizi wake atuambie alimshikaje.

—

Mimi ilikuwa Mark II GX100, kila fundi anasema nunua betri, mpaka nikampata mzee mmoja wa umeme pale Gerezani. Yeye betri hata hakuigusa, alifungua waya wa negative akaunga mita ya kupimia umeme katikati ya waya na betri, upande wa ampia 10, komeo la mlango akalibana na bisibisi ili gari ijue mlango umefungwa, akasema tukanywe chai kwanza maana kuna vifaa vinachelewa kulala. Kurudi mita inasoma ampia 0.6 wakati gari iliyotulia haitakiwi izidi 0.05 hivi. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, ya redio ikaishusha yote. Kumbe aliyenifungia redio ya skrini aliunga waya mwekundu na wa njano pamoja kwenye moto wa kudumu, redio ilikuwa hailali!

—

Yangu taa ya buti. Acha simu inarekodi humo ndani, funga, utaona kama inazima.

—

Cheki na kile kiplastiki cha pedali ya breki kinachobonyeza swichi, kwenye Toyota za zamani kinakauka kinapasuka, unakuta vipande kwenye kapeti. Taa za breki zinawaka usiku kucha, balbu mbili za wati 21 ni zaidi ya ampia 3, betri ndogo kama N40 itaamka na nini hapo? Mie mlinzi ndo alinistua, "bosi gari yako inafunga breki usiku" 😂

—

Mkuu hiyo 14.2 isikudanganye. Ya kwangu ilikuwa inachaji vizuri tu ila diodi moja ya alternata (kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) imekufa, inarudisha moto gari ikizimwa. Tulichomoa fyuzi zote za ndani mita haishuki, maana ule waya mnene wa alternata haupiti huko, tulipouchomoa (toa betri kwanza, ni moto wa moja kwa moja ule) ikashuka hapohapo.

—

Na mita ikiwa imeungwa hivyo asijaribu mtu kupiga stata, inavuta ampia mia na zaidi, utaunguza fyuzi ya mita