Mwanagenzi akishaiva anahama: tumfunge kwa mkataba?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, mafundi saba. Mwaka jana niliziacha kazi mbili za makabati ya jikoni kwa kukosa mtu wa kusoma mchoro na kukata MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) bila kuimega. Wakati huohuo nilikuwa na vijana wanne wa kupiga msasa, wote wamekuja kwa undugu.

Safari hii nimeanzia kwenye daftari la oda. Nachukua wawili tu, miezi 18, wakimaliza wafunge kabati la jikoni tangu vipimo hadi bawaba bila mimi kuwepo. Posho tangu mwezi wa kwanza, na inapanda kwa kila hatua: kupima na kukata, kuunga, kupaka vanishi, kufunga kwa mteja. Kila hatua anaifunga kwa kitu alichotengeneza mwenyewe. Kisipouzika, anarudia.

Mafundi wangu wanataka kijana asaini kubaki miaka mitatu. Mimi sikubali. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, nina gereji. Nimefundisha spea boi (wanagenzi wa gereji) watano, wote wameondoka, mmoja na wateja wangu. Zamani mzazi ndiye aliyemlipa fundi. Leo nilipe mimi, nifundishe mimi, gharama za makosa zangu, halafu aende kwa jirani? Asaini. Hataki, aende chuo.

Mchangiaji wa pili: Nilikuwa spea boi. Miaka mitatu nashika tochi na kuosha vyuma kwa dizeli, nauli natoa kwa mama. Nilipoweza kushusha gia boksi peke yangu, tajiri bado ananiita mtoto. Gereji ya pili ikaniita fundi na kunilipa kifundi, nikaenda. Karatasi isingenizuia, ningetoroka tu.

Mleta mada, ingiza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye mpango wako. Wanapima ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, na wana uanagenzi pacha, chuoni na kazini kwa kupokezana. Waajiri wa watu 10 na kuendelea wanalipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Kwa nini sehemu yake isiwafikie wenye karakana ndogo wanaofundisha?

Mleta mada: Hapo kwenye SDL nakuunga mkono kabisa. Ndugu yangu wa gereji, mkataba wa maandishi nitauweka, ila unibane na mimi: nitamfundisha nini, lini, kwa posho gani, na mbao ikiharibika nani analipa. Nimepiga hesabu: faida ya kazi moja ya makabati niliyoikosa ingelipa posho za wawili hao miezi kadhaa. Na akifungua banda lake, oda zinazonizidi nitampa yeye kuliko nisiyemjua.

Jumatatu naanza kuwapima. Mtoto wa shangazi naye atashika futi kamba na penseli kama wengine.